Sikio la Kushoto

Jirani yetu anasema mdogo wangu alipaa. Hakuanguka, anasema, alipaa kwanza: miguu iliachana na saruji ya pale bombani, nafasi ya kupitisha kandambili chini yake, ndoo ikaruka upande wake na yeye upande wake, halafu ndipo akashuka kama gunia, macho meupe, povu limetapakaa, anazungumza lugha ambayo haijapata kusikika katika uwanja ule. "Nimeshuhudia kwa macho yangu haya mawili," anasema. Akimsimulia mtu wa pili, maji ya ndoo nayo yalichemka.

Jirani huyo tunamwita Mama Redio. Hana redio, wala hajapata kuihitaji. Habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imeshafika mpaka kwenye karakana ya milango na mageti ya chuma, barabara ya nyuma yetu, ambako mdogo wangu ni mchomeleaji. Na mdogo wangu si wa kuchomelea miguu ya viti. Yeye hupanda juu ya fremu za mapaa, kinga ya uso imeshushwa, cheche zinamwagika chini mpaka wapita njia wanavuka upande wa pili. Jina lake la kuzaliwa lilibaki shuleni. Sisi wengine tunamwita Cheche.

Msimamizi wake hakumfukuza. Afadhali angemfukuza, maana aliyefukuzwa ana haki ya kugombana. Alimwita pembeni akamwambia kwa upole, "Binti yangu, mimi sina neno na wewe. Lakini ngazi yangu huigusi mpaka uniletee karatasi ya daktari inayosema huna kifafa." Kisha akampa ufagio.

Cheche alirudi nyumbani jua bado kali, akasimama mlangoni na vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Ufagio, Dada. Mimi!"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Wewe si unafanya kazi kwenye hiyo mashine ya vichwa? Nipimeni, karatasi itoke, nirudi juu."

"Mashine haina undugu," nikamwambia. "Itasema itakachokiona."

"Itaona nini? Nilikuwa na njaa, kizunguzungu kikanipitia. Yule mama hata paka akipiga chafya anatangaza msiba."

Nikacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Cheche atapimwa, na kitakachoonekana kitakuwa chake yeye, kisiwe cha Mama Redio wala cha msimamizi wala cha woga wangu.

Shule yangu iliishia ya msingi. Pale kliniki niliajiriwa kuosha vichwa, basi. Watu huja wamepaka mafuta, na kisahani cha kupimia hakishiki juu ya mafuta. Kutoka kuosha nikajifunza kubandika visahani, na kutoka kubandika, fundi wa mashine akaniweka mbele ya skrini. Fundi mwenyewe hana hata unywele mmoja, na kwa kuwa anashinda na vichwa vya watu, wagonjwa walimpa jina la Kipara kabla mimi sijafika. Alisema ananifundisha kwa sababu nina subira ya mtu anayengoja maji yachemke bila kufunua sufuria.

Alichonifundisha ni kuutambua uchafu. Mashine haijui ubongo ni nini. Inapokea umeme mdogo mdogo unaotoka kichwani, na popote pengine unapotoka. Ukipepesa jicho, wimbi linapanda kama kichuguu kwenye visahani vya paji la uso. Ukisaga meno, skrini nzima inaota manyasi. Ukitoka jasho, mistari inayumba polepole kama kamba ya kuanikia nguo. Hata taa ya darini ina mvumo wake, nao unaingia. Yote hayo si ubongo. Kazi yangu ni kuyawekea alama ili yaondolewe, daktari abaki na kile alichokuja kukitafuta.

Siku ya Cheche nilimwosha mwenyewe. Nywele zake zilitoa maji meusi, ya masizi.

"Dada, unanipima au unanisuka?"

"Tulia."

"Hiyo jeli ni baridi kama ulimi wa mbuzi."

"Umelambwa na mbuzi lini?"

"Kuna mtu pale karakana alitaka kunibusu."

Fundi Kipara alijifanya anakohoa. Nikaendelea kugawa nywele, kusugua ngozi, kubandika, mpaka kichwa chote kikaenea visahani na nyaya zikakusanyika kisogoni kama mkia. Cha mwisho nikakibana kwenye sikio la kushoto.

Hapo pana jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Mashine yetu haipimi mahali pamoja peke yake. Inapima tofauti ya mahali pawili, kama mafundi wawili wanaopima ukuta kwa utepe: mmoja ameshika mwanzo, mwenzake anatembea na mwisho. Kile kisahani cha sikioni ndicho kinachoshika mwanzo, na vingine vyote vinasomwa kutokea kwake. Fundi anakiita rejea. Zamani rejea zilikuwa mbili, kila sikio na yake, na mashine ilichukua katikati. Kibanio cha kulia kilivunjika kabla ya zamu zangu, kingine kikaagizwa, hakikuja, na chumba kikazoea. Ikawa kila kichwa kinachoingia mle kinasomwa kwa sikio la kushoto, na hakuna aliyeona ajabu. Vichwa vingi haviathiriki.

Tukaanza. Cheche alifunga macho, akapumua, mistari ikatulia. Kwenye skrini mara moja moja palipita wimbi lililochongoka, kwa mistari karibu yote kwa mpigo, halafu kimya. Nilimtazama Fundi. Hakunitazama.

Kisha Cheche akainua pua.

"Nani anaunguza plastiki?"

"Usiongee, binti," Fundi akasema. Akaniashiria. "Weka alama. Amezungumza."

Niliweka, kisha nikainuka kutazama soketi, nikanusa waya wa feni, nikafungua mlango wa ukumbini. Hapakuwa na chochote kinachoungua. Niliporudi nikamkuta amefumbua macho anautazama ukuta, na taya lake linakwenda taratibu.

"Unatafuna nini?"

Alichelewa kunijibu. Kidogo tu, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Eh? Sitafuni kitu."

Nikaweka alama nyingine: taya.

Daktari alipita tulipokuwa tunamalizia. Ni mwanamke mwenye haraka, lakini akisimama mbele ya skrini haraka humwisha. Aliinama juu ya bega la Fundi, akatazama ukurasa, akatazama mwingine.

"Iko kote," akasema. "Pande zote mbili, kwa pamoja."

"Daktari, bado haijasafishwa," nikasema.

"Isafisheni, nitaandika kesho mchana. Lakini hayo yaliyochongoka sidhani kama ni uchafu." Alimtazama Cheche, ambaye alikuwa anajifuta jeli masikioni. "Ndugu yako?"

"Mdogo wangu. Ana kazi ya juu. Ya ngazi."

Alitikisa kichwa polepole.

Njiani Cheche alinishika mkono. "Amesema kote nini?"

"Amesema tusafishe."

"Basi safisha, Dada. Wewe si ndiyo kazi yako? Sugua mpaka ing'ae."

Na ndivyo nilivyokusudia. Lakini kabla ya kusugua nilitaka kujua nini hasa kilitokea pale bombani, maana aliyekiona ni mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa Mama Redio.

Nilimkuta uwanjani anakamua mashuka. Sikuanza na ugomvi. Nilishika ncha ya pili ya shuka, tukalisokota pamoja.

"Mama, nisimulie tena ile habari ya Cheche."

"Kwani hujaisikia?"

"Nimeisikia kwa watu. Nataka ya kwako mwenyewe."

Hilo lilimpendeza. Alisimulia kuanzia mwanzo, kwa mikono na kwa macho, na safari hii hata kuku walikimbia. Nilimwacha amalize. Tukaanika lile shuka, tukachukua jingine.

"Sasa Mama, alipaa kabla ndoo haijaanguka au baada?"

"Baada."

"Na ndoo ilianguka vipi?"

"Haikuanguka, ilifurika. Maji yanamwagika naye amesimama tu, hafungi bomba. Nikasema, huyu mtoto anadhani maji tunayaokota?"

"Kumbe alikuwa amesimama."

"Amesimama anautazama ukuta. Kama ukuta umemtukana."

"Na mikono?"

"Mmoja unavutavuta gauni, hapa, pembeni. Hivi, hivi, hivi." Alinionyesha kwa mkono wake wa kushoto. "Na anatafuna."

Nikaacha kukamua. "Anatafuna nini?"

"Hewa! Nikamwambia, we Cheche, unakula na wachawi hata hukaribishi? Hakunijibu. Mimi! Nisijibiwe! Ndipo miguu ikamlegea, akakaa chini kwenye maji. Taratibu tu, kama mtu aliyechoka."

"Na povu?"

Mama Redio alilitazama shuka mkononi mwake. "Povu lilikuwepo."

"Mdomoni?"

"Pale chini. Nilikuwa nafua."

"Mama!"

"Sasa povu la sabuni si povu?"

"Na ile lugha?"

"Aliguna."

"Na kupaa?"

"Mwanangu," akasema bila hata chembe ya aibu, "habari isiyo na chumvi nani ataila?" Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, na Mama Redio kushusha sauti ni jambo la kuandikwa. "Lakini kuna kitu hata watu sikuwaambia, kwa sababu hakina utamu. Alipozinduka, neno lake la kwanza aliniuliza, Mama, nani anaunguza kitu? Na mimi nilikuwa sijawasha hata jiko."

Nilimwachia shuka lake, nikaingia ndani.

Cheche alikuwa ndani anapiga pasi ovaroli ambayo hakuwa na pa kuivaa.

"Ile harufu ya kuungua," nikamwuliza, "huwa unaisikia mara kwa mara?"

Alicheka. "Dada, mimi mchomeleaji. Siku nisiposikia harufu ya kuungua ndiyo uniitie watu."

"Hata siku za mapumziko?"

"Inaganda puani. Wote pale karakana tuna pua mbovu."

"Hata ukiwa umeoga? Umelala?"

Pasi ilisimama. Akaiondoa upesi kabla haijaunguza kitambaa.

"Huja kama mara moja hivi, kali, halafu inaondoka," akasema. "Tumbo linapanda kidogo. Halafu nakuta watu wameshafika mbele kwenye mazungumzo. Nadhani nawaza sana. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu uzaliwe."

Asubuhi Fundi Kipara alinitangulia kukaa kwenye kiti changu.

"Huyu hutamsafisha peke yako," akasema. "Ukimsafisha ndugu yako, utamsafisha mpaka umenye ngozi."

"Basi tukae wote. Mimi niweke alama, wewe uhakikishe."

"Na nikikwambia acha?"

"Nitaacha."

Alinisogezea kipanya.

Tulianza na kisahani kimoja cha paji la uso. Kilikuwa kimelegea, mstari wake unapiga kelele ukurasa mzima. Fundi aliutoa wote.

"Kwa nini usiuache tu, tukaupuuza?" nikauliza.

"Kwa sababu baadaye nitataka kuchanganya vyote pamoja. Samaki mmoja akioza…"

"…wote wameoza."

"Umemaliza masomo."

Kisha kope. Kompyuta ina namna ya kuyachambua mawimbi, kila lenye asili yake kando, kama mtu anayetenga pumba na mchele kwenye ungo. Vichuguu vya kope vikaenda upande wao, tukavitoa, na chini yake mistari ikabaki mizima. Tukaondoa mvumo wa taa. Tukaondoa sehemu aliyocheka, maana Cheche alicheka peke yake katikati ya kipimo, na hakuna aliyejua alikuwa anamcheka nani. Nilifanya kazi bila kuinua macho. Kila nilichokifuta nilijiuliza kwanza: hiki ni chake, au kimemwingilia tu? Kama sina jibu nilimgusa Fundi begani.

Mistari ikazidi kutakata. Yale mawimbi yaliyochongoka yakabaki pale pale. Tena sasa yalionekana vizuri zaidi. Kote, kama alivyosema Daktari.

Nikafika pale pa plastiki. Alama zangu mbili zilikuwa hapo: amezungumza, taya. Kwa kanuni ya chumba, sehemu ya namna hiyo hukatwa yote, hakuna anayejisumbua nayo, maana chini ya manyasi ya taya hapaonekani kitu. Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Nikibonyeza, panatoweka, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Ni kazi iliyofanywa vizuri.

Sikubonyeza. Nilikuwa nawaza ndoo iliyofurika.

"Fundi, uchafu wa taya unaweza kuanza kabla ya taya?"

"Hauwezi. Moshi haumtangulii moto."

"Basi tazama hapa."

Alisogeza uso. Tukaivuta ile sehemu ikapanuka. Manyasi ya taya yalianza hapa, na maneno ya plastiki yalikuwa hapa, mbele kidogo yake. Lakini hata kabla ya maneno, mistari ilikuwa imeshaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, mawimbi yanafuatana yakikua, kama ngoma inayoanza mbali. Upande wa kulia, kisogoni, utosini. Kila mahali.

"Si kila mahali," Fundi akasema polepole.

Alikuwa ameweka kidole juu ya mistari michache ya kushoto, ile ya visahani vya juu ya sikio. Hiyo ilikuwa imelala. Kichwa kizima kinacheza, yenyewe imelala.

"Labda hapo ndipo pazima," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na tumaini ambalo nililisikia mwenyewe.

Fundi Kipara alijipapasa upara. Hufanya hivyo akiwa na jambo.

"Niambie. Mnapima nyumba kwa utepe. Mwenzako ameshika mwanzo kule pembeni. Wewe unaona ukuta huu unatikisika, na ule unatikisika, na dari, na mlango, vyote kwa mpigo mmoja. Ila yule aliyesimama bega kwa bega na mwenzako, kati yao hakuna kinachotikisika. Nani anatikisika?"

Nikafikiri. "Mwenzangu. Aliyeshika mwanzo."

"Na yule wa karibu yake?"

"Anatikisika pamoja naye. Ndiyo maana utepe hauoni tofauti."

"Sasa mwenzako yuko wapi kwenye kichwa cha mdogo wako?"

Sikioni, kwenye kisahani cha rejea. Nilikibana mimi mwenyewe. Kelele ilikuwa imetoka jirani kabisa na sikio la kushoto, ikaingia kwenye kisahani kinachoshika mwanzo, na mashine kwa uaminifu wake ikaigawa kwa kichwa kizima. Pale palipotulia kuliko pote ndipo palipokuwa na shida.

"Miaka yote tunakaa na sikio moja," Fundi akasema, kwa nafsi yake zaidi kuliko kwangu, "kwa vile kibanio hakijaja." Kisha akajikaza. "Tunabadilisha rejea. Hakuna sehemu moja itakayoshika mwanzo. Tunachukua wastani wa visahani vyote vizima, kila kimoja kisomwe kutoka kwenye wastani huo."

"Ndiyo maana ulimtupa aliyeoza."

"Ndiyo maana."

Alibonyeza. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikaanza kujichora upya kutoka juu.

Nilishika ukingo wa meza. Upande wa kulia ulikuja shwari. Kisogo shwari. Utosi ulikuwa na kivuli kidogo tu, mabaki. Halafu ikaja mistari ya kushoto, ile iliyokuwa imelala, na juu ya sikio palisimama wimbi limechongoka, safi, kama mwiba kwenye wayo. Tukarudi nyuma kurasa. Mwiba ule ule, mahali pale pale. Tukaenda pale pa plastiki: hapo ndipo mpangilio ulipoanzia, mdogo, ukakua, na kufikia neno "nani" ulikuwa umeshashika kasi.

Hakuwa amenusa kitu. Harufu yenyewe ilikuwa inatoka humo humo kichwani.

Daktari alipoitwa alikaa, safari hii, akavuta kiti kabisa. Alitaka aone kwa rejea ya zamani na kwa mpya, moja baada ya nyingine, na tena. Nikamweleza ya bombani: kutafuna, mkono, harufu. Aliniuliza nimeyapata kwa nani. Nikasema kwa jirani, baada ya kumpunguza chumvi.

"Basi ni kifafa, ila si cha kichwa kizima," akasema. "Kinaanzia sehemu moja. Afadhali mmenisubirisha, maana dawa niliyokuwa nataka kumwandikia jana si ya hiki."

"Na ngazi?"

"Ngazi ingoje. Ipo dawa, na wengi huwatulia. Ikimtulia kwa muda wa kutosha tutakaa tuzungumze habari ya ngazi, mimi na yeye. Lakini akipanda hivi alivyo, siku moja kitamkuta juu na ule moto mkononi." Aliinuka. "Nitumieni ile iliyosafishwa, niandike nikiwa naiona. Akifika nileteeni nimweleze mwenyewe."

Fundi alitoka naye, wakaanza kuzozana ukumbini juu ya kibanio cha sikio la kulia, nani alipaswa kukifuatilia. Nilibaki na skrini. Faili lilikuwa limefunguka, bado halijatumwa.

Cheche aliingia bila kubisha. Alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, amefunga kitambaa kichwani, yuko tayari kutoka hapo kwenda moja kwa moja kazini.

"Karatasi iko wapi?"

"Kaa."

"Kila siku wewe kaa, kaa. Mimi kuku wa mayai?" Lakini akakaa, akatazama skrini. "Hiki ndicho kichwa changu?"

"Ndicho."

"Mbona kimetulia namna hii? Jana Fundi alikuwa ananuna." Alitabasamu. "Umesugua kweli, Dada."

Nilimwonyesha. Nilimwambia yote, bila kuzunguka, kwa sababu Cheche ukizunguka anakukuta upande wa pili. Nilimweleza habari ya utepe, na hilo alilielewa upesi kuliko mimi, maana yeye ndiye mshika utepe. Nikamweleza harufu. Nikamwambia ya dawa, na kwamba Daktari hakusema hapana ya milele, alisema ngoja. Nikamwambia kwamba anasubiriwa, na kwamba mimi nitakwenda naye kwa msimamizi, na nitamsimamisha msimamizi palepale kwenye vyuma vyake mpaka aelewe kwamba mtu anayetumia dawa si mtu wa kupewa ufagio. Kuna michoro ya mageti, kuna kukata vyuma kwa vipimo, kuna kufundisha wanaoanza. Nilikuwa nimeyapanga yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Alinyoosha kidole, kile chenye kovu la moto, akakiweka juu ya kioo.

"Ni huu tu?"

"Ni huo."

"Hapa pote ni pazima?"

"Pote."

"Na jana palijaa?"

"Palijaa."

"Umefuta kope zangu," akasema. "Umefuta mvumo wa taa. Umenifutia hata kicheko. Kisahani kizima mmekitupa na dunia haikuanguka."

"Hivyo havikuwa wewe."

"Na huu ndio mimi?"

Nilitaka kumwambia kwamba huu ndio ambao ungemwangusha, na kwamba sikuhangaika na kichwa chake ili nimfiche yeye mwenyewe. Yeye aliendelea kuutazama, kwa macho yale anayotazamia kiungo cha chuma kutafuta kama kimeshika au kimepakwa tu.

"Juu kule, Dada, hujawahi kupanda," akasema. "Watu wanakuwa wadogo, kelele zao hazifiki. Nikishusha kinga ya uso, naona nukta moja tu ya moto, na nukta hiyo inanisikiliza mimi. Hakuna kitu kingine kinachonisikiliza." Akanigeukia. "Dawa nitakunywa. Naapa, nitainywa kila siku, wewe mwenyewe uwe unanihesabia. Lakini karatasi itoke safi."

Ukumbini sauti ya Fundi ilikuwa inakaribia, bado inalalamikia kibanio. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Cheche akauwekea wa kwake juu, mzito, wenye joto, hakuusukuma wala hakuuvuta.

"Mwiba mmoja tu, Dada," akasema. "Nao ufute."